Kutoa shaba kwenye jiwe la kijani: mwongozo wa mezani kwa wazazi na walimu wa Lubumbashi

Ukiwa Lubumbashi huwezi kuikosa shemine, lile bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha kuyeyushia shaba, urefu wake mita 153, na pembeni yake mlima mweusi wa mabaki. Shaba ya kwanza ilimiminwa hapo mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa na umri wa mwaka mmoja tu. Wanafunzi wangu wamezaliwa chini ya bomba hilo. Wengi wana baba, mjomba au babu aliyekula mkate wa mgodi. Na bado, kila mwaka, nikiuliza darasani, "Jiwe la kijani linageukaje kuwa waya mwekundu?", kimya kinatanda. Fomula wanazijua, wamezikariri. Jiwe hawajawahi kulitia kwenye asidi wakalisikia likichemka.

Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu ya mwongozo huu. Karibu kazi yote inayofanyika kwenye viwanda kuanzia hapa hadi Likasi na Kolwezi inaweza kukaa juu ya meza moja, ndani ya chupa tatu. Mtoto wa miaka 13 na kuendelea anaiweza, mradi mtu mzima awe kando yake mwanzo mpaka mwisho. Inachukua siku tatu, lakini sehemu kubwa ya siku hizo ni kungoja.

Neno moja kuhusu lugha. Katika mazungumzo tunasema chumvi imeyeyuka majini, na bati pia limeyeyuka motoni. Kwa mkemia hayo ni mambo mawili. Hapa nitasema jiwe *linamumunyuka* likiingia kwenye asidi, na *linayeyuka* likishindwa na moto. Na shaba ni ileile tunayoiita mukuba. Mkoa wetu wenyewe ulibeba jina la Shaba tangu 1971 hadi 1997.

Jiwe, na wapi pa kulipata

Tunahitaji malakiti. Ni jiwe la kijani lenye mistari, lile ambalo wachongaji wetu hutengenezea visahani vya majivu, mikufu na sanamu. Nenda kwa mchongaji, mwombe mabaki, vile vipande vidogo anavyofagia jioni. Malakiti safi ni shaba kwa asilimia 57 na kidogo: ukishika gramu 100, zaidi ya nusu ya uzito ulio mkononi ni metali nyekundu iliyojificha. Kilichobaki ni kaboni, oksijeni na hidrojeni, yaani vitu vilevile vilivyomo kwenye soda na kwenye maji.

Tafadhali usiokote mawe usiyoyajua mgodini au kwenye marundo. Ardhi ya Katanga haina shaba peke yake. Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye mabomu ya mwaka 1945, na madini yenye urani mara nyingi hukaa jirani na shaba, yakiwa na rangi nzuri za njano na kijani kinachong'aa zinazomvuta mtoto. Mabaki ya mchongaji wa malakiti yanatosha, na ni salama zaidi.

Unga wa malakiti ni sumu ukivutwa au ukimezwa. Kwa hiyo utwange ukiwa umelowa maji, juu ya jiwe bapa au kwenye kinu ambacho hakitarudi tena jikoni. Vaa barakoa, glavu na miwani. Unga ukikauka mezani usiupulize, ufute kwa kitambaa kibichi.

Vitu vingine

Siki nyeupe mililita 200, ile iliyoandikwa asilimia 5 au 6. Chupa tatu za kioo zenye mdomo mpana. Misumari miwili ya chuma cha kawaida. Angalia isiwe ile ya mabati inayong'aa kijivu, kwa sababu hiyo imepakwa zinki na itakuchanganya. Kijiko kimoja cha inox, yaani chuma kisichoshika kutu, ambacho hutakilia tena. Penseli moja iliyochongwa pande zote mbili. Betri mbili kubwa za redio, zile za duara tunazoita pile. Waya wa shaba wa sentimita 20 uliovuliwa plastiki, na vipande viwili vidogo vya kuunganishia. Makopo mawili ya majivu ya kuni au makala. Na maua makavu ya ngai-ngai nyekundu (rosela), konzi moja.

Kuhusu waya: mwombe fundi umeme vipande vyake vilivyobaki, na uvue plastiki kwa kisu. Usiichome moto. Moshi wa plastiki ile una asidi kali ya klorini na sumu nyingine, nao unaingia kwenye mapafu ya watoto wa jirani. Na waya unaouzwa usiku kwa bei ya kutupa usinunue. Kuna mtaa mahali fulani umelala gizani kwa ajili yake.

Usitumie maji ya betri ya gari badala ya siki, hata kama ni kweli kwamba kiwandani wanatumia asidi hiyohiyo, ya salfuriki. Tone moja jichoni linatosha kumharibia mtoto maisha. Siki inafanya kazi ileile polepole, na polepole ndiyo tunayoitaka ili macho yapate kuona.

Hatua ya kwanza: kipimo cha rangi

Chemsha maua ya ngai-ngai kwenye kikombe kimoja cha maji, yapoe, chuja. Umepata maji mekundu. Weka matone machache kwenye siki: wekundu unakolea. Weka matone mengine kwenye maji ya majivu, yaani majivu kidogo yaliyolowekwa majini na kuchujwa: yanageuka, yanaelekea zambarau chafu kisha kijani. Siki ni asidi, maji ya majivu ni besi, na rangi ya ua inabadilika kufuatana na upande ilikoangukia. Hifadhi maji haya, tutayahitaji siku ya mwisho. Yatunze kwenye baridi, maana baada ya siku chache huchacha.

Hatua ya pili: kulitia jiwe kwenye asidi

Chukua vipande viwili vya malakiti vyenye uzito unaokaribiana. Kimoja kiache kizima, kingine ukitwange kiwe unga, karibu gramu 5, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Kizima kiweke kwenye chupa ndogo yenye siki kidogo. Unga utie kwenye chupa kubwa, kisha mimina siki mililita 200.

Sasa mwambie mtoto asogeze sikio karibu na mdomo wa chupa, macho akiyaelekeza pembeni. Atasikia mchachato mwembamba, kama mvua inayoanza kwenye mabati ya mbali. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ndani ya jiwe. Jiwe lile lilijengwa na kabonati, na asidi ikiigusa kabonati yoyote hutoa hewa hiyo. Ndiyo hewa ya kwenye soda. Ukitaka uthibitisho, washa kiberiti na ukishushe polepole mdomoni mwa chupa povu likiwa bado linatoka: mwali unapungua, mara nyingi unazimika.

Linganisha chupa mbili. Kwenye unga povu ni jingi, kwenye kipande kizima ni vitone vichache vilivyoshikilia ukingo. Asidi inafanya kazi pale tu inapogusa, na kulisaga jiwe ni kuifungulia milango mingi zaidi. Kiwandani ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa ni vinu vikubwa vya chuma vinavyogeuka mchana na usiku. Ukiiweka chupa kwenye sufuria ya maji ya moto (ya moto tu, yasichemke), utaona povu linaongezeka tena. Joto linaharakisha.

Acha chupa mpaka kesho, isizibwe kabisa ili hewa ipite, na iwe mahali pa juu ambapo mdogo hafiki. Andika SUMU kwa herufi kubwa. Naandika hivi kwa sababu rangi utakayoikuta asubuhi ni nzuri mno, buluu yenye kijani, na mtoto mdogo ataiona kama sharubati.

Rangi hiyo ndiyo shaba. Imeacha kuwa jiwe, imegawanyika kuwa chembe zenye chaji ya umeme zinazoitwa ioni, zinazoelea majini. Kama unga wote umemumunyuka, kila lita ya maji haya ingekuwa na karibu gramu 14 za shaba. Matangi ya umeme ya kiwandani hufanya kazi na gramu 35 hadi 50 kwa lita, kwa hiyo hatuko mbali sana nao.

Hapa nataka kusimama kidogo jikoni. Mara nyingi naona watu wakisifia vyombo vya shaba vya zamani. Ni vizuri kuvitazama. Lakini kama siki imeweza kuivuta shaba kutoka kwenye jiwe, ndimu na munkoyo uliochacha, kile kinywaji chetu cha mahindi, vinaweza kuivuta kutoka kwenye chombo, hasa kikiwa kimeota ukungu wa kijani. Usihifadhi kinywaji kichachu ndani ya shaba; shaba nyingi tumboni huleta kichefuchefu na kutapika, na huumiza ini. Ukitaka kusafisha chombo chako, sugua kwa ndimu na chumvi mpaka wekundu urudi, kisha suuza kwa maji mengi. Ule uchafu unaotoka na maji ni mmenyuko huuhuu tuliouona kwenye chupa.

Hatua ya tatu: kubadilishana na msumari

Siku ya pili, mimina juujuu maji ya buluu bila kutikisa matope ya chini, chuja kwa kitambaa kizito. Gawanya: robo kwenye chupa moja, robo tatu kwenye nyingine. Usiyachanganye tena, utaona kwa nini.

Sugua msumari mmoja kwa msasa mpaka uwe mweupe, kisha uutumbukize nusu yake kwenye chupa yenye robo. Hesabu dakika tano. Utoe. Nusu iliyokuwa majini imevaa nguo nyekundu.

Watoto husema msumari umepakwa rangi. Waulize: rangi imetoka wapi? Kisha uurudishe na uuache saa kadhaa. Maji yanapoteza ubuluu, yanaelekea njano na kahawia. Atomu za chuma zimetoka kwenye msumari zikaingia majini, na ioni za shaba zimetoka majini zikakaa kwenye msumari. Zimebadilishana viti. Chuma hutoa elektroni zake, zile chembe ndogo zinazobeba umeme, kwa urahisi kuliko shaba, kwa hiyo shaba inazichukua na kurudi kuwa metali. Ukijaribu kinyume, yaani waya wa shaba ndani ya maji yenye chuma, hakuna kitu kitakachotokea hata ukikesha.

Shaba hii, kwa bahati mbaya, haishiki. Ipitishe kidoleni ukiwa na glavu, inatoka kama masizi mekundu. Kwa karne nyingi migodi ya dunia ilikusanya shaba kwa njia hii, kwa kutupa vyuma chakavu ndani ya maji ya buluu. Inafaa, lakini shaba inayopatikana ni chafu, ina chuma ndani yake, na nyaya za umeme haziitaki.

Hatua ya nne: umeme

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoharibika kirahisi, kwa hiyo nenda taratibu.

Sugua kijiko cha inox kwa sabuni na majivu mpaka maji yatambae juu yake bila kujikusanya matone. Mafuta ya vidole yakibaki, shaba itashika kwa mabaka. Funga waya mmoja kwenye mpini wa kijiko na mwingine kwenye ncha moja ya penseli, uhakikishe unagusa ile risasi nyeusi ya ndani, ambayo si risasi kweli bali ni kaboni. Panga pile mbili, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine. Ukiziviringisha ndani ya karatasi ngumu na kufunga kwa mpira zinatulia.

Kijiko kiende kwenye upande wa *kutoa*, yaani kitako bapa cha pile. Penseli iende kwenye upande wa *kujumlisha*, kile kichwa kilichotokeza. Tumbukiza vyote viwili kwenye chupa ya robo tatu bila kugusana.

Angalia mara mbili kabla ya kuunganisha. Mwaka mmoja kikundi cha wanafunzi wanne kiligeuza nyaya na mimi sikuona, nilikuwa upande mwingine wa darasa. Baada ya nusu saa kijiko kilikuwa na vidoa na vishimo, na penseli ndiyo imevaa shaba. Inox ina kromu ndani yake, na ukiiweka upande wa kujumlisha kromu inaweza kutoka ikiwa katika hali yake ya sumu kali. Niliwatoa wanafunzi wote, nikaifunga chupa ile, na hatukuitumia tena. Tangu siku hiyo naweka utepe mwekundu kwenye waya wa penseli na mweusi kwenye waya wa kijiko, na haunganishi mtu kabla sijapita mezani kwake.

Ukiunganisha vizuri, utaona mambo mawili. Kwenye penseli vinaota vipovu vidogo: ni oksijeni, inayong'olewa kutoka kwenye maji. Kwenye kijiko, ndani ya dakika mbili au tatu, wekundu unaanza ukingoni na kutambaa kuelekea katikati. Ni wekundu wa waridi, mchanga, tofauti kabisa na wa senti ya kale. Acha saa moja. Pile zikipata joto, tenganisha, ngoja, rudisha. Shaba ikiwa nyeusi na ya unga badala ya nyekundu, umeme umezidi: ongeza nafasi kati ya kijiko na penseli, au punguza sehemu ya penseli iliyozama.

Kisha kitoe, kisuuze, kikauke. Ingiza ncha ya wembe pembeni mwa ile shaba. Kama umekuwa na subira, ngozi nyembamba inaanza kubanduka kutoka kwenye inox.

Mwonyeshe mtoto hapo, kwa sababu hapo ndipo kiwanda kilipo. Kwenye kumbi za elektrolisisi, yaani za kutoa shaba kwa umeme, wanatumbukiza mabamba makubwa ya inox kwenye matangi marefu ya maji ya buluu, wanangoja siku kadhaa, wanayainua kwa winchi, na kuibandua shaba pande zote mbili. Yale mabamba mekundu yaliyopangwa juu ya malori yanayosubiri zamu mpakani Kasumbalesa ni ngozi za aina hii, zilizoachwa zinenepe. Usafi wake hufika asilimia 99.99. Usafi huo si urembo: uchafu kidogo tu ndani ya shaba huuzuia umeme kupita vizuri, na waya unapata joto.

Kuna hatua moja ya kiwandani ambayo meza yetu haiwezi kuionyesha. Jiwe la mgodini si malakiti safi ya mchongaji, lina chuma, manganizi, kobalti na mengine mengi, na yote yanaingia kwenye asidi. Kabla ya umeme, kwa hiyo, wanatikisa maji yale pamoja na mafuta mepesi yanayofanana na mafuta ya taa, ambamo wamechanganya dawa inayoshika shaba na kuacha mengine. Mafuta yanaelea, maji yanakaa chini, wanatenganisha, kisha wanaiosha shaba itoke kwenye mafuta kwa asidi kali zaidi. Kobalti inabaki kwenye yale maji mengine na kushughulikiwa peke yake. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka hapa kwetu, na sehemu kubwa huenda kwenye betri za simu na magari.

Hesabu moja tu

Ampea 1 (ampea ni kipimo cha mkondo wa umeme) ikipita saa 1 huleta gramu 1.19 za shaba. Hiyo haibadiliki, hapa wala China, kwa sababu kila ioni ya shaba inataka elektroni mbili, si pungufu wala zaidi. Pile zetu zinatoa labda sehemu ya kumi ya ampea, kwa hiyo saa moja inakupa karibu gramu 0.12. Kupata kilo moja kwa ampea moja ungengoja karibu saa 840, siku 35 mchana na usiku.

Mpe mwanafunzi hesabu hiyo aifanye mwenyewe, kisha umuulize kuhusu tani moja. Atafika mwenyewe kwenye umeme. Kila tani ya shaba kwa njia hii hula karibu kilowati-saa 2,000. Ndiyo maana kuna nyaya zinazotembea takribani kilomita 1,700 kutoka bwawa la Inga, upande wa pili wa nchi, mpaka Kolwezi, zilizowashwa mwaka 1982. Mto Kongo unang'oa oksijeni kwenye matangi ya Katanga, jinsi pile mbili zilivyofanya kwenye penseli yako.

Ukipenda kuendelea, badilisha penseli kwa ule waya wa shaba. Sasa pile moja inatosha, na vipovu hakuna. Waya unakonda, kijiko kinanenepa: shaba inaondoka upande mmoja na kutua upande wa pili. Kwa njia hii shaba iliyotoka kwenye tanuri husafishwa. Uchafu wake, na wakati mwingine fedha na dhahabu, huanguka chini kama tope.

Njia ya moto, kwa kuitazama tu

Wazee wetu hawakuwa na asidi wala pile. Walikuwa na malakiti, makala, tanuri la udongo wa kichuguu na mivukuto ya ngozi. Misalaba ya shaba waliyoimimina, iliyotumika kama fedha, imefukuliwa kwenye makaburi ya zamani huko Upemba, na alama yake ilichorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960.

Sehemu ya kwanza ya kazi yao unaweza kuiona. Nje ya nyumba, weka unga kidogo wa malakiti, wa kutosha ncha ya kijiko, kwenye kifuniko cha kopo juu ya mbabula, jiko letu la makala, inayowaka vizuri. Kaa upande upepo unakotoka. Kijani kinageuka cheusi. Maji na kaboni dioksidi vimeondoka, imebaki oksidi ya shaba. Makala ndiyo yaliyoondoa oksijeni iliyobaki, ndani ya tanuri lililofungwa, na mivukuto ikapandisha joto hadi nyuzi 1,085 ambapo shaba huyeyuka na kutiririka. Sehemu hiyo ya pili usiijaribu nyumbani: tanuri lililofungwa lenye makala hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini kila msimu wa baridi, pale wanapoingiza mbabula chumbani.

Hatua ya mwisho: maji yaliyobaki

Usiyamwage. Si uani, si mtaroni, si kwenye choo. Shaba kidogo tu iliyomumunyuka inatosha kuua samaki, na mifereji yetu inaishia kwenye mto Lubumbashi na Kafubu, ambako watu wanamwagilia mboga. Kama tunalalamika juu ya maji yanayotoka viwandani, na tuna haki ya kulalamika, tusimfundishe mtoto kufanya vivyo hivyo kwa chupa yake.

Usiku wa kuamkia siku ya pili, loweka majivu kwenye lita mbili za maji mpaka asubuhi, kisha chuja upate maji ya rangi ya chai hafifu. Yanateleza vidoleni, vaa glavu. Ndiyo maji yaleyale ambayo mama zetu huyatumia kulainisha maharage na majani magumu. Yamimine kidogo kidogo kwenye chupa ya buluu. Povu litapanda, kwa sababu asidi iliyobaki inapambana na kabonati ya majivu, kwa hiyo usikimbie. Povu likishatulia, endelea kumimina, na kila baada ya muda toa tone la juu na ulijaribu kwa maji ya ngai-ngai. Wekundu ukitoweka, asidi imekwisha. Viwanda hufanya kazi hii kwa chokaa, ambayo kwetu huchimbwa na kuchomwa huko Kakontwe, Likasi.

Ndani ya chupa maji yataanza kuchafuka. Wingu la kijani-buluu litatokea, litakuwa zito, litashuka. Iache mpaka asubuhi ya siku ya tatu. Juu maji yatakuwa karibu meupe, chini kutakuwa na tope laini. Chuja kwa kitambaa. Kama maji yaliyopita bado yana dalili ya ubuluu, ongeza maji ya majivu na urudie. Chupa ya msumari ifanyie vivyo hivyo kando; tope lake litakuwa na kahawia ya kutu, nalo likaushe, ulifunge ndani ya plastiki na kulihifadhi mbali na chakula.

Tope la kijani lianike kwenye kivuli juu ya kigae. Likikauka, chukua chembe kidogo, idondoshee siki, na umwite mtoto aweke sikio. Mchachato ni uleule. Alichonacho kigaeni ni kabonati ya shaba, kimeumbwa karibu sawa na unga wa malakiti alioutwanga siku ya kwanza. Litie kwenye kichupa, andika jina na tarehe, na darasa lijalo litaanzia hapo bila kwenda tena kwa mchongaji.